Maandishi Mekundu kwenye Daftari la Kliniki

Mimi ni mtu wa kwanza katika ukoo wetu kuvaa joho. Nalisema hili mwanzo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu bila lile joho haya ninayoyaeleza yasingetokea. Nilizaliwa Ushetu, kwenye nyumba ya udongo katikati ya mashamba ya tumbaku. Nilishika nyundo Rwamgasa kabla sijaota ndevu, nikaponda mawe ya dhahabu, nikajisomesha sekondari, nikajisomesha chuo, nikatoka na stashahada ya uhandisi wa migodi. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Miaka minane nilifanya kazi kwenye migodi ya shaba Zambia, na niliporudi nilirudi na gari langu, nikiendesha mwenyewe kutoka Tunduma hadi Kahama. Wapo waliosoma kuliko mimi, sikatai. Lakini wengi wao walisomeshwa.

Mwaka niliomaliza chuo, binti wa kaka yangu alivimba taya. Alikuwa na miaka sita. Nyumbani walisema ni jino, wakamsugua mizizi, wakamfunga kitambaa. Meno yakaanza kulegea, na jicho la upande ule likaanza kusukumwa nje. Mimi ndiye niliyesema huyu aende Mwanza, na mimi ndiye niliyempandisha basi pamoja na mama yake. Madaktari walisema ni saratani, ile inayowapata watoto wengi wa kanda yetu ya ziwa, na kwamba ikiwahiwa dawa zake zinafanya kazi.

Nilikaa nao miezi miwili. Wakati ule Kiswahili cha shemeji yangu kilikuwa cha kuuzia nyanya tu, kwa hiyo kila alichosema daktari nilikigeuza Kisukuma. Nilijua kutamka majina ya dawa. Akina mama wengine wodini walianza kuniita dokta, na sikuwakatalia.

Siku waliyoturuhusu kwenda kupumzika nyumbani kati ya duru moja ya dripu na nyingine, daktari alituita mezani. Alikuwa amesikia kampeni ya chanjo ya surua inakuja vijijini. Akasema mtoto huyu asipewe chanjo kwanza, dawa zimeshusha kinga yake, tusubiri mpaka atakapotuambia. Nilimweleza shemeji yote. Kisha, kwa kuwa najua watu wetu wanasahau, nilichukua kalamu nene nyekundu nikaandika kwenye jalada la daftari la kliniki, kwa herufi kubwa nilizozizoea kwenye michoro ya migodi: MTOTO HUYU ASICHOMWE CHANJO YOYOTE. AMRI YA DAKTARI. Nilipofika chini nafasi ilikuwa imeisha. Ile "mpaka atakapowaambia" haikuenea. Nikaona imetosha, nikatia sahihi, maana ndiyo kwanza nilikuwa nimejitungia sahihi nzuri.

Mwezi uliofuata nikaenda Zambia.

*

Niliporudi ilikuwa msimu wa kupanga tumbaku. Shemeji na binti yake walikuwa wamekaa kwenye mkeka mbele ya bani, banda la kukaushia tumbaku, wanachambua majani kwa rangi, haya huku, haya kule. Kaka hakuwepo, alikuwa Rwamgasa kwenye duara lake, yaani shimo la dhahabu analochimba na wenzake. Yule binti aliinuka kuja kunipokea na sikumtambua. Nilikuwa nimeacha mtoto mwenye kichwa kisicho na unywele hata mmoja. Huyu alikuwa mrefu kunikaribia, darasa la saba, taya zake sawasawa.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Hebu geuka nikuone. Daktari wako nani?"

"Wewe," akasema, akacheka. Ndivyo alivyofundishwa.

Nilikula ugali wa mtama na maziwa ya mgando, nikawasimulia lifti zinazoshusha watu chini ya ardhi kilomita nzima. Halafu yeye, huku anafunga mafungu ya majani, akasema kwamba Ijumaa wauguzi wanakuja shuleni kuwachoma wasichana chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi.

"Vizuri," nikasema. "Usiogope, ni sindano ndogo. Wewe umechomwa kubwa zaidi."

"Mimi huwa natoka nje, baba mdogo."

"Unatoka nje kwenda wapi?"

"Wakija wauguzi, mwalimu ananiambia nikakae chini ya dirisha la ofisi. Tangu darasa la tatu. Wenzangu wananiambia hata sindano inaniogopa." Hakucheka. Alishusha sauti mama yake asisikie. "Baba mdogo, nikuulize. Kama nimepona, mbona bado nimekatazwa? Bado ninayo, siyo? Nyinyi mnanificha tu."

Nilimwuliza nani kamkataza. Akaingia ndani akatoka na daftari, limefungwa kwenye mfuko wa plastiki na ule mfuko kwenye kitambaa cha kanga. Maandishi yangu yalikuwa mekundu kama nimeyaandika jana.

Nimewahi kuwa chini ya mwamba unaolia kabla ya kuporomoka. Unasikia mlio mdogo tu, halafu unatazama juu. Nilimwuliza tarehe ya kuzaliwa ingawa niliijua. Alikuwa na miaka kumi na minne. Wiki mbili zijazo angetimiza kumi na tano.

*

Nilimwambia shemeji palepale kwamba Ijumaa mtoto atachomwa. Nilitumia sauti ninayoitumia kazini.

"Daftari limekataa," akasema bila kuinua macho kwenye majani.

"Daftari niliandika mimi, shemeji."

"Mkono ni wako. Maneno ni ya daktari. Umeandika mwenyewe hapo, amri ya daktari. Au mimi ndiyo sijui kusoma?" Kiswahili chake sasa kilikuwa kimenyooka kuliko changu.

"Ilikuwa ya wakati ule. Mambo yamebadilika."

"Nani kayabadilisha? Wewe?" Akaweka fungu chini. "Sikiliza, shemeji. Kitanda chetu kilikuwa cha dirishani. Kitanda cha pili alikuwepo mtoto wa Sengerema. Cha tatu wa Bariadi, yule aliyekuwa anaimba. Cha nne pacha. Uliwaacha wote wazima. Mimi ndiye niliyebaki kule, mimi ndiye niliyeona vitanda vinatandikwa upya. Huyu peke yake ndiye aliyerudi nyumbani. Nami nilifuata kila kilichoandikwa. Walisema maji yachemshwe, nikachemsha. Walisema asichomwe chanjo, wamekuja watu wa surua, wamekuja wa polio, nimewafukuza na fimbo. Sasa umekuja na gari, unataka niache."

Ingekuwa rahisi kumwambia neno moja: nilikosea. Sikulisema. Nilimwambia kwamba nina stashahada, kwamba Zambia nimehudhuria mafunzo ya usalama na afya kazini, nina cheti, na kwamba ninajua ninachosema. Akanitazama kwa heshima, nasema kweli, kwa heshima kabisa.

"Ndiyo maana tulifuata ulivyoandika wewe," akasema.

*

Asubuhi nilikwenda zahanati ya kata. Muuguzi alikuwa mama wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Nilijitambulisha kwa cheo na stashahada.

"Stashahada ya nini?" akauliza.

"Uhandisi wa migodi."

"Karibu, mhandisi. Hapa tunachimba watu." Akacheka mwenyewe, kisha akasoma jalada na kicheko kikamwisha. Akafungua ndani, akapitia kurasa moja moja kwa kidole. Kurasa za ndani zilikuwa na mwandiko wa madaktari: dawa za mwisho, vipimo, marudio ya kliniki kwa miaka miwili, kisha ukurasa wa mwisho ulioandikwa kwamba mtoto amepona na hahitaji kurudi labda apate tatizo. Daktari alikuwa akilikunja daftari jalada likaenda nyuma, akaandika, akarudisha. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kulitazama lile jalada. Nyumbani nako hakuna aliyeweza kusoma Kiingereza cha madaktari kilichokuwa ndani.

"Mimi ni mgeni hapa, nina mwaka mmoja," akasema muuguzi. "Mwaka jana mwalimu aliniambia kuna mmoja ana katazo la hospitali. Sikuuliza zaidi. Ningeuliza." Akavua miwani. "Huyu ndiye wa kwanza kuchomwa, siyo wa kuachwa. Kirusi kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi kinapenda mwili ambao kinga yake iliwahi kuyumba. Wenzake wanachomwa mara moja inatosha. Huyu, kwa historia yake, nadhani watataka azidishiwe. Na chanjo hii haina mdudu aliye hai kama ya surua, haiwezi kumwangusha."

"Basi Ijumaa mchome."

"Kwa karatasi hii? Hapana, kaka yangu. Imeandikwa amri ya daktari. Nataka nizungumze na kliniki yao ya watoto kule Mwanza, na nataka mzazi akubali akiwa amesikia. Na fanyeni haraka. Mpango huu ni wa miaka tisa hadi kumi na minne. Akianza kabla ya kumi na tano, nina pa kusimamia nikiwaombea dozi nyingine. Akishavuka, hata pa kuanzia sina."

Shemeji nilipomweleza alijibu kwa sentensi moja: "Baba yake akisema sawa, nitakuja kusikiliza." Simu ya kaka ilikuwa haipatikani tangu juzi. Chini ya ardhi hakuna mtandao.

*

Nilifika Rwamgasa saa nane mchana, vumbi la makarasha, zile mashine za kusaga mawe, limenijaa kwenye kola. Nilijulikana pale zamani, na waliobaki walinikumbuka.

"Bosi wa Zambia! Shaba imeisha huko?"

"Viatu hivyo, mzee, ukivishusha humu vitalia."

"Kaja kutupimia mwamba kwa kalamu!"

Niliwajibu vizuri tu, mimi siyo mtu wa kuzidiwa na wachimbaji. Kisha nikakaa kwenye gogo mdomoni mwa duara nikasubiri. Walisema kaka yuko zamu, atapanda jioni. Nikawaambia wamwite. Wakavuta kamba mara tatu, ishara ya msiba au ugeni mkubwa. Sikujua kwamba siku hizi wanaitumia kwa msiba zaidi.

Kaka alipanda haraka mno. Kichwa kilitoka kwanza, cheupe kwa vumbi, tochi bado inawaka kwenye paji la uso. Aliponiona alishika ukingo wa shimo akabaki hivyo, nusu ndani nusu nje.

"Mtoto?" akauliza.

"Mzima. Mzima kabisa, kaka. Panda."

Hakupanda. "Imerudi?"

"Haijarudi."

Akapanda, akakaa chini. Akavuta pumzi, halafu akanitukana kwa Kisukuma tusi ambalo sitaliandika. Wenzake wakacheka kwa kusitasita. Nilitaka twende pembeni, akakataa. Akasema kama jambo limemtoa shimoni kwa kamba ya msiba, basi wenzake walioingiwa na hofu nao walisikie.

Nikaeleza. Nilianza na chanjo, nikaenda kwenye miaka kumi na mitano, nikamsifu muuguzi. Nilizunguka sana. Kaka alisikiliza huku anasugua udongo kwenye kucha.

"Daktari alisemaje siku ile?" akauliza. "Sema kama alivyosema. Siyo kama ulivyoandika."

"Alisema tusubiri mpaka atakapotuambia."

"Na wewe?"

"Nafasi iliisha."

"Nafasi gani?"

"Ya kuandikia. Kwenye jalada."

Karasha lilikuwa linasaga mbali kidogo. Mchimbaji mmoja mzee alitema mate pembeni, akasema taratibu, "Si ungepunguza ukubwa wa herufi, injinia."

Hakuna aliyecheka. Kaka alizima tochi ya kichwani.

"Mimi kila mtu hapa nimemwambia," akasema. "Mdogo wangu ndiye aliyemponyesha mtoto. Kaandika, tumefuata, kapona. Nimewaambia watu wazima na akili zao." Akasimama. "Mke wangu umemwambia hivi ulivyoniambia mimi?"

"Bado."

"Utamwambia. Sitamwambia mimi." Akachukua shati lake, akatembea kuelekea kwenye gari langu, akafungua mlango wa nyuma akaketi peke yake nyuma. Tulirudi mpaka Ushetu hivyo, kama mimi ni dereva wa kukodi.

*

Ijumaa tulikuwa zahanati saa mbili asubuhi, kabla muuguzi hajaenda shuleni. Boksi la chanjo lilikuwa mezani, limefungwa mikanda. Binti alikaa kwenye benchi kati ya wazazi wake, amevaa sare, ameshika ncha za sketi. Mimi nilisimama.

Muuguzi alipiga simu Mwanza, akaiweka sauti ya nje. Kwanza haikupokelewa. Ya pili ilipokelewa na mtu aliyesema daktari yuko wodini, subirini. Tulisubiri. Shemeji alikuwa amekumbatia daftari kifuani. Kutoka shuleni, ng'ambo ya barabara, kengele ya mstarini iligongwa.

Ikaja sauti ya daktari, mwanamke, siyo yule wa zamani. Akauliza jina la ugonjwa, dawa za mwisho zilikuwa lini, mtoto anaumwa chochote sasa, ana homa, ana uvimbe popote. Muuguzi akasoma kutoka ndani ya daftari, akajibu moja moja.

"Huyu alitakiwa kuchomwa zamani," sauti ikasema. "Katazo lile ni la wakati wa dawa na miezi michache baada yake. Nani aliwaambia liendelee?"

Kaka alitazama sakafu. Shemeji alitazama simu, kisha akanitazama mimi, akingoja nimtetee daktari wake wa zamani. Niliona kabisa kwamba hicho ndicho alichokingoja: mimi, msomi wake, nizungumze Kiswahili kizuri na huyu mgeni wa simuni nimweke sawa.

"Ni mimi, dokta," nikasema. "Mimi ni baba yake mdogo. Daktari alisema wasubiri mpaka atakapowaambia. Mimi niliandika asichomwe yoyote, nikaishia hapo. Wao wamefuata nilichoandika."

Kisha nilimgeukia shemeji nikamwambia tena kwa Kisukuma, lugha niliyomwambia mara ya kwanza wodini. Kwa Kisukuma kosa halina pa kujificha. Daktari hakukosea. Wewe hukukosea. Nilikosea mimi.

Daktari akasema polepole, sasa akizungumza na mama: "Mama, unanisikia? Mwanao alipona kwa sababu mlimwahisha na mlimaliza dawa zote. Siyo kwa sababu hakuchanjwa. Achomwe leo. Atahitaji mara tatu: leo, baada ya miezi miwili, na baada ya miezi sita. Nitamtumia muuguzi barua kwa ajili ya zile mbili. Na zile chanjo nyingine alizokosa, muuguzi azipange."

"Kwa hiyo amepona?" akauliza shemeji.

"Amepona, mama."

"Kabisa?"

"Ni miaka saba sasa. Amepona."

Binti alitoa sauti ndogo, kama mtu aliyetua ndoo. Mama yake hakumtazama. Alikunjua mikono, akalitoa lile daftari kifuani, akampa muuguzi.

"Mchome," akasema kaka.

Sindano yenyewe haikuchukua hata dakika. Mkono wa kushoto, pamba, basi. Muuguzi akasema akae dakika kumi na tano tumwangalie. Hizo ndizo zilizokuwa ndefu. Shemeji alimshika binti yake taya kwa vidole viwili, pale palipokuwa na uvimbe, akawa anapapasa kidogo kidogo, anasubiri kitu kitokee. Nimeona watu wakisubiri baruti ilipuke, hawatulii vile. Binti aliniangalia juu ya mkono wa mama yake. Sijui alikuwa na hasira au hapana. Alikuwa ananiangalia tu, kama mtu anayesoma upya kitu alichokuwa amekikariri.

"Nikirudi shule nitasimama kwenye foleni na wenzangu?" akamwuliza muuguzi.

"Wewe umeshachomwa, mwanangu."

"Najua. Nataka kusimama tu."

Muuguzi akamwambia atamruhusu amshikie rejesta.

Dakika zilipoisha, muuguzi akaandika tarehe ya dozi ya pili kwenye kadi mpya, akampa mama. Shemeji aliisoma polepole, kila neno, mbele na nyuma. Kisha akamwuliza muuguzi kila mstari unasema nini, na muuguzi akamjibu, nami nimesimama palepale na stashahada yangu. Akauliza pia kama kuna kitu hakijaandikwa. Muuguzi akasema kipo: ile barua ikichelewa, wafuatilie, wasisubiri kuitwa. Akaomba kiandikwe nacho.

Tulitoka nje. Nilifungua milango ya gari, yote minne. Nikasema dozi ya pili nitawachukua mwenyewe, nitatoka Geita, ninakokwenda kuanza kazi, siku moja kabla.

"Tarehe tunayo, shemeji," akasema. Hakusema kwa ubaya. Alimshika binti yake mkono ambao haukuchomwa, wakavuka barabara kuelekea shuleni, na kaka akawafuata nyuma.